Maji ya Mida

Wiki mbili zilizopita nilisimama kwenye foleni ya duka la dawa, nyuma ya mwanamke aliyekuwa amejipaka mafuta ya karafuu. Harufu ile iliniingia puani ikapanda mpaka machoni, na kabla sijakumbuka nilikuja kununua nini nilikuwa nimesharudi mtaani kwetu Barani, nina miaka minane, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa uani kwetu Malindi, namtazama shangazi yangu Rukia akijikanda miguu. Muuzaji aliniuliza mara mbili nataka nini. Nikamwambia nitarudi, nikatoka nje, nikakaa kwenye baraza ya watu nisiowajua mpaka kichwa kikatulia.

Ninyi mliokuwa wadogo pamoja nami mnakumbuka jinsi watu wazima walivyozungumza mbele yetu kana kwamba hatupo. Hawakutuficha mambo, ila hawakutufafanulia pia. Maneno tuliyaokota wenyewe, tukayapa maana tulizoziweza. Mimi nilikuwa hodari wa kuokota, na katika wiki ya mwisho kabla ya Shangazi kukimbia marathoni niliokota maneno yaliyokaribia kunitoa roho.

Shangazi Rukia alikuwa dada mdogo wa Baba. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ameachika, amerudi nyumbani na cherehani yake na sanduku moja. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele. Kukimbia alianza, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu kukaa kutwa kulimtia ganzi miguuni. Mwanzo alizunguka mtaa tu, alfajiri, dera limekunjwa likafungwa kiunoni juu ya suruali, mtandio umekazwa. Baadaye akawa anafika uwanja wa ndege na kurudi. Hapo ndipo alipoonwa na Mwalimu Kahindi, aliyefundisha michezo shuleni kwetu, akamwambia ana pumzi ya masafa marefu. Mwalimu Kahindi alikuwa mtu wa Ganda, mwembamba mwenye sauti nene, na akifurahi hupiga kelele, "Vidzo! Vidzo!" kwa Kigiriama, hata kwa watu wasiojua kwamba anawaambia ni vizuri.

Mwaka uliotangulia Shangazi alijiandikisha katika mbio za kutoka Kilifi hadi Gede, kilomita arobaini na mbili na ushei. Hakumaliza. Alirudishwa juu ya lori lililokuwa likikusanya meza na viti vya plastiki njiani, na dereva, pengine kwa wema, hakumshusha Gede bali alimleta mpaka Malindi mjini. Ilikuwa mchana, watu wanatoka sokoni, na wao wakamwona amekaa juu ya kiti kimoja katikati ya viti vilivyopangana, nguo zimerowa chapachapa, macho yake yametazama chini. Kwa miezi kadhaa watoto wa mtaani walimwita Bibi Viti. Alicheka pamoja nao. Lakini mimi niliona kwamba arusini, viti vya plastiki vikipangwa, yeye alikwenda kukaa mkekani na wazee.

Baba hakucheka wala hakumtetea. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, na nadhani mzaha wa wateja ulimchoma kuliko alivyotaka tujue. Shangazi alipomwambia kwamba amejiandikisha tena, aliweka kikombe cha chai chini.

"Rukia, mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Safari hii ukirudi juu ya lori, basi tena. Sitaki kusikia habari za mbio katika nyumba hii."

"Sawa, kaka."

"Na mimi siji kukuangalia."

"Sikukuomba uje."

Alilisema kwa upole, lakini cherehani alipoishika tena ilikwenda mbio kama iliyotumwa.

Kisha ikaja ile wiki ya mwisho, na Shangazi akaacha kukimbia. Nilizoea kusikia komeo la mlango wa uani likivutwa kabla ya adhana ya alfajiri. Jumatatu nilitega sikio, komeo halikulia. Jumanne vilevile. Jumatano nikashindwa kuvumilia, nikamfuata chumba cha mbele.

"Shangazi, leo pia hukimbii?"

"Mwalimu amesema wiki hii miguu ilale."

"Ilale mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili."

Niliinama nikaitazama miguu yake chini ya cherehani. Haikuwa imelala hata kidogo. Ilikuwa ikitetemeka peke yake juu ya kanyagio, na cherehani haikuwa na nguo.

Tangu hapo nikawa namchunguza kama nilivyokuwa nikichunguza siafu. Alikula wali sahani mbili, kisha akasema tumbo limejaa gesi. Alikata kucha za vidole vya miguu, akazipitishia kidole kuhakikisha, akazikata tena. Alibana nambari yake kifuani kwa pini nne, akajitazama kiooni, akaibandua, akaibana upya chini kidogo. Alishona shati la mtoto wa darasa la kwanza akatia mikono yote miwili upande mmoja, akalishika juu akaliangalia muda mrefu, asione kosa liko wapi. Nilipomwonyesha alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alikwenda chooni mara nyingi kuliko mtu mwenye homa ya matumbo. Na jioni alijipaka mafuta ya karafuu kutoka mapajani hadi visigino, nyumba nzima ikanuka kama mtungi wa achari. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuogopa kitu alichokichagua mwenyewe. Nilidhani hofu ni ya vitu vinavyokujia, si vya wewe kuviendea.

Alhamisi alasiri Mwalimu Kahindi alikuja. Walikaa barazani, na mimi nilikuwa mlangoni natunga vifungo kwenye uzi.

"Hebu nieleze tena," alisema Mwalimu. "Ilikuwaje pale Mida?"

"Mwalimu, mpaka Roka nilikuwa nacheka na watu. Nilipofika Mida tu, maji yakanifika shingoni. Sikujua niendelee au nirudi."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu nayaogopa hata kabla sijayafikia."

Kifungo kilinidondoka. Nilijua Mida ni wapi. Darasani tulifundishwa kwamba pale ndipo bahari inapoingia nchi kavu na mikoko inapoota. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa! Barabara ilipita majini. Shangazi alikaribia kuzama, na lile lori ndilo lililomwopoa. Nilikumbuka nguo zake zilizorowa siku ile aliporudi, nikashangaa jinsi nilivyokuwa mjinga mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wakimbiaji wakizidiwa na joto humwagiwa maji kichwani.

Jioni ile nilimsogelea.

"Shangazi, unajua kuogelea?"

"Mimi? Hata kidogo. Baharini mwisho wangu ni magotini. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Mtaniuliza kwa nini sikusema yaliyokuwa moyoni. Nilidhani kila mtu anajua. Na tena niliona ni utovu wa adabu kumkumbusha mtu mzima jambo ambalo tayari linamtetemesha miguu.

Ijumaa wakati wa mapumziko nilimfuata Mwalimu Kahindi uwanjani, nikamwamkia, nikamwuliza Shangazi atafika Mida saa ngapi. Alifurahi mno. Aliokota kijiti akaandika hesabu mchangani. "Wanaanza saa kumi na mbili. Akienda kama ninavyomwambia, asiwe na haraka, Mida atafika saa nne, saa nne na dakika chache." Akaniangalia kwa fahari, kama aliyeona mwanafunzi mpya wa michezo.

Baada ya shule nikatumwa uzi mweupe kwa Mzee Pravin, kule mtaa wa Shella. Duka lake lilikuwa la nyuzi za kila namna: upande mmoja nyuzi za mafundi cherehani, upande wa pili mishipi ya wavuvi, ndoana na kamba. Nyuma ya kichwa chake ilitundikwa kalenda yenye tarakimu ndogondogo za kujaa na kupwa kwa maji. Nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kuitazama.

"Shikamoo, Mzee Pravin."

"Marahaba, binti. Namba arobaini, mweupe?"

"Ndiyo. Mzee, Jumapili maji yanajaa saa ngapi?"

Alishusha miwani, akageuka, akapitisha kidole juu ya karatasi. "Jumapili... yanajaa saa nne asubuhi."

"Na Mida pia?"

"Mida yanachelewa kidogo, mpaka yaingie kule ndani. Unakwenda kuvua?"

"Hapana. Shangazi yangu anapita pale."

"Basi mwambie asiwe na wasiwasi," alisema kwa furaha, akifunga uzi kwenye gazeti. "Jumapili ni maji mafu."

"Mafu?"

"Mafu kabisa."

Wavuvi wote wa pwani wanajua kwamba maji mafu ni maji yasiyo na nguvu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na kwamba Mzee Pravin alikuwa akinituliza. Mimi nilikuwa mtoto wa fundi wa majokofu. Nilichosikia ni kwamba kuna maji ya watu waliokufa, na kwamba yatakuwa Mida saa ileile atakayokuwa Shangazi. Nilimwomba kipande cha kamba. Akanikatia kutoka kwenye mabaki bila kuuliza, nikarudi Barani mbio, pengine mbio ndefu kuliko zote nilizowahi kukimbia.

Nilikuwa nimewaona watoto wa Shella wakijifunza kuogelea: hujifunga dumu tupu kifuani, likawashika juu. Jikoni kwetu kulikuwa na dumu la mafuta la lita tano. Nililikaza kifuniko, nikalipeleka kwenye pipa la maji uani, nikalikandamiza chini kwa mikono yote miwili. Lilichupa juu likanirushia maji usoni. Nikarudia mara tatu, na kila likichupa moyo ulitulia kidogo. Nililifunga kamba ile nikaacha ncha mbili za kuzungushia mgongoni.

Kilichobaki ni kufika Mida. Jumamosi nilimkuta Baba amepiga magoti mbele ya jokofu la mtu.

"Baba, kesho nipeleke Mida."

"Mida kuna nini?"

"Shangazi atapita."

"Nilishasema siendi kwenye mbio."

"Sitaki kwenda zinakoishia. Nataka Mida tu."

Akageuka. "Kwa nini Mida?"

"Kwa sababu ndipo alipokwama. Na hapakuwa na mtu wetu hata mmoja."

Nilimaanisha kwamba hapakuwa na mtu wa kumvuta kutoka majini. Baba alilipokea neno lile kwa namna nyingine kabisa. Alichukua kitambaa akaifuta spana, akaifuta, akaifuta tena ilhali ilikuwa safi.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Jumapili alfajiri Shangazi alikuja kitandani kwangu kabla hajaondoka na Mwalimu Kahindi. Mkono alioniwekea kwenye paji la uso ulikuwa baridi. "Niombee," alisema, na sauti yake ilikuwa ya msichana mdogo. Nikamwambia, "Usiogope, nimeshatengeneza." Hakuniuliza nimetengeneza nini. Nadhani hakunisikia.

Baba alinipakia kwenye pikipiki baada ya chai. Dumu nililibana katikati yetu, likawa linamgonga mgongoni kila tukipita tuta. "Hilo la nini?" aliuliza. "La Shangazi," nikasema, naye akadhani nimebeba maji ya kunywa na kwamba mtoto wake ana akili. Tulipita uwanja wa ndege, tukapita Msabaha, tukafika Gede ambako hema lilikuwa limesimamishwa na muziki unapigwa, tukaendelea mbele.

Kisha Baba akazima pikipiki kando ya barabara na kusema, "Haya. Mida ndiyo hii."

Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Upande mmoja kulikuwa na vibanda vya mkaa na maembe, upande wa pili miti ya msitu. Lami ilikuwa kavu kama kigae.

"Maji yako wapi?"

"Maji gani? Bahari iko kule chini, ng'ambo ya mashamba, nyuma ya mikoko. Huioni hapa."

"Hayafiki barabarani? Hata saa nne?"

"Yafike kwa miguu gani?"

Hapo ningetulia. Lakini nilitazama upande wa Kilifi, ambako wakimbiaji walikuwa wanatokea, na nikayaona. Mwisho wa barabara kulikuwa na maji, maangavu, yanachezacheza kutoka ukingo hadi ukingo, na watu walikuwa wakitoka ndani yake, kwanza kichwa, kisha kifua, miguu ikichelewa kuonekana.

"Baba! Yale pale!"

"Yale ni mazigazi tu," alisema. "Joto la lami. Ukiyaendea hayapo." Lakini yeye naye alikuwa amekinga mkono juu ya macho, anatafuta.

Wakapita wengi. Wakapita wenye mwendo mzuri, wakapita wanaochechemea, kisha barabara ikawa tupu, wakija mmoja mmoja. Saa nne ikapita. Baba alitazama saa yake mara mbili. Kisha kwenye yale maji ya mbali kikatokea kichwa chenye mtandio wa kijani, kichwa na shingo peke yake, kikining'inia pale bila mwili, na nyuma yake, polepole sana, lori.

Nilikimbia. Nilisikia Baba akiniita, nikakimbia kando ya barabara na dumu linanipiga gotini, na kadiri nilivyokimbia maji yalirudi nyuma na Shangazi akapata mabega, akapata kiuno, akapata miguu. Alikuwa anatembea. Kabla sijamfikia alisimama, akashika magoti yake, akainamisha kichwa. Jasho lilimtoka puani tone baada ya tone, na kila tone lilikauka kwenye lami nikiliangalia.

"Shangazi, jifunge!"

Aliinua uso. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. "Wewe umetoka wapi?"

"Jifunge hili kifuani. Nimeweka kamba."

Alilipokea, akalitikisa. "Mama, halina kitu."

"Ndiyo, liko tupu, limekazwa vizuri. Maji yakikufika shingoni litakushika juu."

"Maji gani?"

"Ya Mida! Ulimwambia Mwalimu mwenyewe. Na Mzee Pravin amesema leo ni maji mafu."

Baba alikuwa amefika nyuma yangu, anatweta. Niliona midomo ya Shangazi ikitetemeka, nikadhani nimemwongezea hofu. Kisha kikamtoka kicheko, kwanza kama kwikwi, halafu chote, akalikumbatia dumu na machozi yakachanganyika na jasho. "Mtoto huyu," alisema. "Mtoto huyu alitaka niogelee mpaka Gede." Baba alikuwa amegeukia msituni, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka.

Dereva wa lori alisimamisha gari kando yetu, akatoa kichwa dirishani. "Mama, unapanda?"

Kicheko kikaisha. Shangazi alimtazama dereva, akavitazama viti vilivyopangana nyuma, kisha akamwona Baba kwa mara ya kwanza.

"Kaka. Umekuja."

"Nimemleta mtoto," alisema Baba. Halafu, kwa sauti ndogo, "Kumebaki kilomita tano, Rukia. Nimezipita sasa hivi. Hazina mlima."

Shangazi alinirudishia dumu mikononi. "Nenda zako," alimwambia dereva. "Asante."

Hakuanza kwa kukimbia. Alianza kwa hatua, moja, nyingine, kama mtu anayejaribu kama daraja litamchukua, kisha hatua zikawa za haraka, kisha kitu kilichokuwa katikati ya kutembea na kukimbia, kisichokuwa na jina. Nimeendelea kukifikiria kitu kile maisha yangu yote. Nilikuwa nimekwenda Mida nikidhani ushujaa ni kuokolewa kutoka majini. Kumbe yale maji yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa barabarani, na hakukuwa na dumu la kumfungia.

Baba hakurudi Gede kumngoja huko. Alinipakia, akaiendesha pikipiki pembeni ya Shangazi kwa gia ya kwanza, polepole hivi kwamba mara mbili ilizima. Injini ilinuka moto. Nilijua vile alivyoipenda pikipiki ile.

Tulipofika, muziki ulikuwa umezimwa na hema linashushwa. Watu wa kushika utepe walikuwa wamekwenda kula, kwa hiyo Mwalimu Kahindi alikuwa amefunga ncha moja kwenye mti na ya pili ameishika mwenyewe, anaruka palepale na kupiga kelele, "Vidzo, Rukia! Vidzo!" Shangazi aliupita utepe. Hakuinua mikono wala hakusujudu. Aliuliza choo kiko wapi.

Alipotoka alikaa chini, akavua raba, na miguu ikavimba mbele ya macho yetu. Alijaribu kuzivaa tena, hazikuingia. Baba alisimama akiangalia. Kisha akavua makubadhi yake, akachuchumaa, akayapanga mbele ya miguu ya dada yake, yameelekea upande wa kuvaliwa. Shangazi aliingiza mguu mmoja, kisha mwingine.

Baba akafunga zile raba kamba kwa kamba, akazitundika shingoni, akatangulia kwenda kwenye pikipiki peku. Lami ilikuwa inachoma. Alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, anarukaruka kama mtoto, na hakujali nani anamwona.

"Mwaka ujao," alisema bila kugeuka, "Mwalimu aniambie tarehe mapema. Siku hiyo nisichukue jokofu la mtu."